Deni la Umeme Kwenye Nyumba ya Kupanga: Namna ya Kupatana Malipo Bila Kubaki Gizani

Wapangaji wengi wanaokwenda kuomba kulipa deni la umeme kidogo kidogo hurudi mikono mitupu, au hurudi na mapatano yanayovunjika mwezi wa pili. Makosa ni yale yale: hawajui deni ni la nani, hawana karatasi, na wanaahidi kiasi wasichokiweza ili tu watoke kaunta.

Mwongozo huu ni wa mpangaji aliye Uganda, awe ana mita ya Yaka (ya kulipia kabla ya kutumia), analipa bili ya mwisho wa mwezi, au anachangia mita moja na majirani wa mizigo (vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa safu). Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya pili, zilizobaki hazitakusaidia.

## Vitu vya kukusanya kabla ya kuzungumza na mtu yeyote

- Namba ya mita. Kwenye Yaka ni tarakimu 11 zilizoandikwa kwenye mita yenyewe. Kwa bili ya mwezi, chukua na namba ya akaunti.
- Picha ya mita ya leo, namba ya mita na usomaji vikionekana pamoja.
- Kitambulisho cha taifa (ndagamuntu) na nakala yake.
- Mkataba wa kupanga. Kama huna, risiti ya kodi ya mwezi wa kwanza. Kinachotafutwa hapa ni tarehe uliyoingia.
- Jumbe zote za tokeni (namba za umeme ulionunua) za miezi mitatu iliyopita. Usizifute, na usitegemee simu peke yake: nakili kwenye daftari tarehe, kiasi ulicholipa, makato ya deni na yuniti ulizopata.
- Barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) yenye muhuri, ikisema unaishi hapo tangu lini.
- Barua fupi ya mwenye nyumba kukuruhusu kuzungumzia akaunti hiyo, kwa sababu mara nyingi jina lililo kwenye akaunti ni lake.

Kitu kimoja kinachosahaulika: UEDCL, kampuni ya serikali, ilichukua usambazaji wa umeme kutoka kampuni iliyoitwa Umeme tarehe 1 Aprili 2025. Risiti za malipo ya kabla ya hapo ni ushahidi mzuri kama kawaida, tena ndizo zinazohitajika zaidi pale deni la zamani linapoonekana halijapunguzwa. Kama umeme wako unasambazwa na kampuni nyingine, soma jina lake kwenye bili au ujumbe wa malipo. Hatua ni zile zile.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni deni

Malalamiko ya kawaida ni “Yaka inakula pesa”. Wakati mwingine ni deni, wakati mwingine siyo.

Fungua ujumbe wa tokeni na usome kila mstari, usiishie kwenye zile tarakimu 20 za kuingiza. Pesa uliyolipa hugawanyika: umeme wenyewe, VAT ya asilimia 18, na deni kama lipo. Kama ujumbe wa simu ni mfupi na hauonyeshi mgawanyo, omba ofisini taarifa ya manunuzi ya mita yako.

Sasa tahadhari. Ukinunua kwa 20,000 tarehe 2 na tena kwa 20,000 tarehe 20, yuniti hazitalingana hata kama huna deni la senti. Katika bei zilizoanza Aprili 2025, yuniti 15 za kwanza za mwezi kwa nyumba ya kawaida zilikuwa shilingi 250 kila moja, na zinazofuata zaidi ya 750. Ununuzi wa kwanza wa mwezi ndio unaobeba zile nafuu. Kwa hiyo linganisha ununuzi wa kwanza wa mwezi huu na ule wa kwanza wa mwezi uliopita.

Mita ikikataa tokeni kabisa, hilo si deni. Deni hukatwa wakati wa kununua. Tokeni ikishatoka, mita huipokea hata kama una deni. Nyumba iliyokaa muda mrefu bila mtu inaweza kuwa na mita ambayo haikuingiziwa namba za kuisasisha katika zoezi la 2024 la mita za Yaka, na hiyo hutengenezwa ofisini bila mazungumzo ya malipo.

Kwa bili ya mwezi, linganisha usomaji ulio kwenye karatasi na ulio kwenye mita. Bili ikisema 8,420 na mita inaonyesha 8,110, umetozwa yuniti 310 ambazo hujazitumia, kwa sababu mtu alikadiria bila kusoma. Ukihesabu shilingi 890 kwa yuniti pamoja na VAT, hizo ni karibu 276,000. Deni la namna hiyo huliombei awamu; unaomba lisahihishwe.

Umefaulu ukiweza kusema: “Deni ni shilingi kadhaa, na mwezi uliopita nilikatwa kadhaa.”

## Hatua ya 2: Tenganisha lako na la mwenzio

Hapa ndipo fedha nyingi za wapangaji hupotelea. Deni hukaa kwenye akaunti ya mita. Mfumo haumjui mpangaji wa mwaka jana aliyehama usiku; unamjua anayenunua tokeni leo, naye ndiye anayekatwa.

Omba ofisini taarifa ya akaunti ya mwezi kwa mwezi. Piga mstari kwenye tarehe uliyoingia. Yote yaliyo juu ya mstari si yako. Yaliyo chini ni yako, na hayo tu ndiyo utakayoyajadili kwa jina lako.

Huna picha ya mita ya siku ulipoingia? Tumia ujumbe wa tokeni yako ya kwanza kabisa. Kama tayari ulikuwa na makato ya deni, hakuna namna lile deni lilikuwa lako, maana ulikuwa hujawasha hata taa.

Wanaochangia mita moja. Chukua vyumba vitatu vinavyochanga 20,000 kila kimoja. Jumla ni 60,000. Mita kuu ina deni la mwenye nyumba na 20,000 inakatwa. Umeme ulioingia ni wa 40,000, kwa hiyo kila chumba kimepata wa 13,333. Ile 6,667 umemlipia mwenye nyumba, na kila mwezi utaendelea kumlipia mpaka mtu aseme. Mkiwa na mita ndogo za kila chumba, fungu lako ni pesa ya umeme peke yake (baada ya kutoa deni), mara yuniti za mita yako ndogo, gawa kwa jumla ya yuniti za mita ndogo zote. Anayepiga hesabu kwenye 60,000 badala ya 40,000 anawabebesha deni bila ninyi kujua, na mara nyingi hata yeye hajui.

Onyo: usiseme kaunta “nitalipa tu, nione mwanga” kabla ya kupiga huo mstari. Ukishatia saini kwamba deni lote ni lako, kulirudisha kwa mwenye nyumba ni kazi ngumu.

## Hatua ya 3: Pima mita kama sehemu yako ni kubwa mno

Ruka hatua hii kama kiasi kinaendana na matumizi yako. Kama chumba kimoja chenye taa, simu na televisheni kimetumia yuniti 200 kwa mwezi, usijadili awamu bado.

Kwanza, zima swichi kuu ya chumba chako na uangalie mita dakika tano. Taa ndogo ikiendelea kumeta, au yuniti zikipungua, kuna waya unaotoka baada ya mita kwenda kwa mtu mwingine.

Pili, kipimo cha birika. Kwenye uso wa mita pameandikwa idadi ya mimeto kwa yuniti moja, mara nyingi 1000 imp/kWh. Zima vyote, jaza birika la umeme la wati 2000 maji baridi, liwashe dakika tatu huku ukihesabu mimeto. Wati 2000 kwa dakika tatu ni sehemu ya kumi ya yuniti, yaani mimeto 100. Umeme ukiwa mdogo birika hunywa kidogo, kwa hiyo kati ya 80 na 105 ni sawa. Ukipata 150, mita ina shida, au kuna kitu ambacho hujakizima. Usitumie pasi, kwa sababu inajizima na kujiwasha yenyewe na hesabu itaharibika.

Mita ikiwa juu ya nguzo, usipande. Andika barua kuomba ikaguliwe, na uweke wazi kwamba deni lina mgogoro.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya unachoweza katika mwezi mbaya

Watu wengi huahidi kwa mapato ya mwezi mzuri. Chukua miezi mitatu iliyopita, tafuta ule ulioumia zaidi, uone kilichobaki baada ya kodi, chakula, shule na usafiri. Theluthi mbili ya hicho ndiyo awamu yako. Kama mwezi mbaya ulibakiza 45,000, toa ahadi ya 30,000.

Kwa deni la 360,000, hiyo ni miezi 12. Ofisi inaweza kutaka muda mfupi zaidi, kwa hiyo nenda na pendekezo la pili mfukoni: 60,000 siku hiyo hiyo, iliyobaki 300,000 kwa miezi kumi. Malipo ya kwanza mkononi yanasikilizwa kuliko maelezo marefu ya shida. Lakini usitoe akiba yote siku ya kwanza, maana awamu ya pili inakuja baada ya siku 30 tu na ndiyo inayowaangusha wengi.

Kwa Yaka, mjadala una sura nyingine: unajadili asilimia ya makato. Tuseme unanunua umeme wa 40,000 kwa mwezi na nusu inakatwa. Deni linapungua 20,000 kwa mwezi, na 360,000 itaisha baada ya miezi 18. Ukiomba makato yashuke mpaka robo, unapata umeme zaidi leo, ila deni litachukua miezi 36. Kipi bora? Kwa mwenye kipato cha kila siku, kama muuza chapati au boda, tunaona robo ni salama zaidi, kwa sababu nusu ndiyo inayomsukuma mtu kutafuta njia za mkato. Kwa mwenye mshahara, nusu ni afadhali. Uliza pia kama unaweza kulipia deni moja kwa moja pale unapopata pesa ya ziada, bila kungoja makato.

Anayepata pesa kila siku asikubali tarehe moja ya mwezi akiweza kuikwepa. 7,500 kila Jumamosi ni rahisi kuliko 30,000 tarehe 28.

## Hatua ya 5: Malizana na mwenye nyumba kabla ya kwenda ofisini

Nenda kwa heshima, na nenda na daftari. “Mzee, shikamoo. Nimeleta jumbe za tokeni tuzitazame pamoja” hufungua mlango ambao “deni lako linanimaliza” huufunga. Weka mbele yake tarehe uliyoingia na makato. Usitaje mahakama siku hiyo.

Unaomba kimoja kati ya viwili: alipe sehemu yake mwenyewe, au makato yake yatolewe kwenye kodi yako. La pili linakubalika zaidi kwa sababu hatoi pesa taslimu. Yaandikwe, kwa lugha mnayoielewa nyote:

“Mimi ……, mwenye nyumba, na mimi ……, mpangaji wa chumba namba …, tumekubaliana leo tarehe …… kwamba deni la shilingi 240,000 lililo kwenye mita namba …… ni la kabla ya tarehe ……, siku mpangaji alipoingia. Kila shilingi ya deni itakayokatwa kwenye tokeni anayonunua mpangaji itapunguzwa kwenye kodi ya mwezi unaofuata. Mpangaji ataonyesha ujumbe wa tokeni kabla ya tarehe 5. Mapatano haya yataisha deni hilo likiisha.”

Saini mbili, saini ya shahidi, na ikiwezekana muhuri wa LC1. Nakala mbili.

Onyo: usikate kodi kwa uamuzi wako mwenyewe, hata kama haki ni yako. Bila maandishi, hiyo itahesabiwa malimbikizo ya kodi, na umempa sababu ya kukushitaki. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inataka upangaji wa thamani ya shilingi 500,000 na zaidi uwe wa maandishi, na hairuhusu mpangaji kutolewa bila amri ya mahakama. Inakulinda zaidi ukiwa na karatasi.

## Hatua ya 6: Ofisini

Nenda asubuhi, mapema wiki, kabla ya kukatiwa. Anayekuja akiwa bado na umeme anazungumza. Aliyekwisha kukatwa anaombwa alipe kwanza, na huenda akaongezewa ada ya kurudishiwa.

Barua iandikwe kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya mafaili yao. Ukurasa mmoja unatosha: namba ya mita au akaunti, jumla ya deni, sehemu unayoikubali na sehemu unayoipinga, malipo ya leo, awamu na tarehe. Peleka nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Kama Kiingereza kinasumbua, tafuta msaidizi wa kuandika barua, lakini soma tarakimu zote mwenyewe kabla ya kutia saini.

Kwa mdomo sema machache: “Habari za kazi, madamu. Nina deni la 360,000 kwenye mita hii. Nalikubali. Nimekuja na 60,000 leo, naomba iliyobaki nilipe 30,000 kila mwezi.” Nyamaza umpe nafasi. Akitaja kiasi kikubwa zaidi, usiseme “haiwezekani”. Rudia kiasi chako, mwonyeshe hesabu ya daftari, na umuulize nani mwenye mamlaka ya kukubali. Mara nyingi karani wa kaunta hana uwezo huo. Anao msimamizi aliye nyuma yake.

Kabla ya kuondoka, pata majibu ya haya:

1. Mpango umeingizwa kwenye mfumo leo, au bado ni karatasi tu?
2. Nikichelewa awamu moja, mpango wote unafutwa?
3. Malipo ya awamu yanapitia namba gani, ili yasihesabiwe kuwa ununuzi wa umeme wa kawaida?
4. Sehemu ninayoipinga itaendelea kukatwa wakati inachunguzwa?

Swali la kwanza ndilo zito. Mapatano yasiyo kwenye mfumo hayamfikii fundi anayetumwa na orodha ya kukata, naye atakata huku umeshika barua yako.

Umefaulu ukitoka na: nakala yenye muhuri, namba ya kumbukumbu, na tarehe ya kwanza ya kulipa.

## Hatua ya 7: Kulipa bila kuanguka

Lipa kwa njia rasmi tu: benki, wakala, au simu yako (*165# kwa MTN, *185# kwa Airtel), na usome jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Usimpe fundi wa mtaani pesa mkononi hata akiwa amevaa sare. Hawezi kupunguza deni akiwa juu ya ngazi.

Lipa siku mbili kabla ya tarehe, kwa sababu mtandao wa simu hukwama mwisho wa mwezi. Baada ya awamu ya kwanza na ya pili, uliza salio. Likiwa halijashuka, rudi na risiti wiki hiyo hiyo. Kosa la mwezi mmoja hurekebishwa kaunta, la miezi sita linataka uchunguzi.

Ukiona awamu itakushinda, toa taarifa kabla ya tarehe na ulipe ulichonacho. 10,000 kwa wakati ni bora kuliko 30,000 baada ya wiki tatu.

Na kuhusu makamyufu, yaani mafundi wa umeme wasio rasmi: atakuja mmoja akuambie anaweza kuruka mita kwa 50,000. Marekebisho ya Sheria ya Umeme ya 2022 yaliongeza sana adhabu za wizi wa umeme na kuchezea mita. Hata ukiacha sheria kando, mita ikikutwa imechezewa mazungumzo yote yameisha: utatozwa makadirio ya miezi ya nyuma, na ule ushahidi wako mzuri wa matumizi madogo utageuka ushahidi dhidi yako.

## Hatua ya 8: Wakikataa

Kama ni kampuni, andika malalamiko rasmi kwake kwanza, maana ngazi ya juu itakuuliza ulifanya hivyo lini. Ukikosa jibu la maana, peleka faili lote kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA. Juu yake lipo Baraza la Migogoro ya Umeme, linalosikiliza kesi za wateja na wasambazaji.

Kama ni mwenye nyumba, anza na LC1. Mahakama za LC husikiliza madai ya madeni yasiyozidi shilingi milioni 2, na madeni mengi ya umeme ya chumba hayafiki hapo. Zaidi ya hapo, utaratibu wa madai madogo kwenye mahakama ya hakimu hupokea madai mpaka milioni 10, bila wakili. Hoja utakazobeba ni zile za hatua ya 2: mstari wa tarehe, jumbe za tokeni, na jumla ya makato yaliyo juu ya mstari.

## Deni likiisha

Omba taarifa ya akaunti inayoonyesha sifuri, kisha nunua tokeni ndogo ya 2,000 uone kama kuna makato. Wakati mwingine salio limekwisha lakini asilimia ya makato haijaondolewa kwenye mfumo. Onyesha ujumbe huo ofisini, irekebishwe na fedha irudishwe kwenye mita.

Siku unayohama, piga picha ya mita mbele ya mwenye nyumba, andika usomaji au yuniti zilizobaki kwenye daftari, naye atie saini. Na kwenye nyumba mpya, kabla ya kutoa kodi ya kwanza, mwombe mwenye nyumba anunue tokeni ya 2,000 mbele yako, kisha msome ule ujumbe pamoja.